Ncha za Sta-Lok kwenye Nyaya za Mlingoti wa Albin Vega: Tathmini Baada ya Misimu Miwili

Mashua yangu ni Albin Vega, aina iliyochorwa na Per Brohäll na kujengwa kwa maelfu nchini Uswidi hadi mwaka 1979, yenye urefu wa mita 8 na robo. Mlingoti wake unashikiliwa na nyaya nane: mmoja unaokwenda omo (mbele), mmoja unaokwenda tezi (nyuma), na tatu kila ubavu. Nimeitunza kwa miaka kadhaa katika hori ya Kilifi, na kila kaskazi inapoisha hupitisha kitambaa cha pamba juu ya kila waya kutoka sitahani hadi mkono unapofika. Mwaka juzi kitambaa kilinasa kwenye waya mfupi wa ubavu wa kushoto, pale hasa unapoingia kwenye ncha yake ya chini, yaani kifaa cha chuma kinachoushika mwisho wa waya. Uzi mmoja ulikuwa umekatika.

Waya wa mlingoti wa aina hii husokotwa kwa nyuzi 19 za chuma, mmoja ukiwa katikati, sita zikiuzunguka na kumi na mbili zikiwa nje. Kukatika kwa uzi mmoja hakupunguzi nguvu kwa kiasi kikubwa, lakini kunaonyesha kwamba wenzake waliobeba mzigo uleule kwa miaka ileile nao wamechoka. Ncha zangu za zamani zilikuwa za kubanwa kwa mashine, yaani bomba la chuma hugandamizwa juu ya waya hadi vikawa kama kitu kimoja. Zikibanwa vizuri ni ncha imara, ila hakuna njia ya kuzifungua ili kutazama ndani. Maji ya chumvi huteremka kwenye waya, huingia kwenye mdomo wa ncha ya chini unaotazama juu, na kukaa humo. Chuma kisichoshika kutu hujilinda kwa utando mwembamba unaohitaji oksijeni, na mahali penye chumvi na joto pasipofikiwa na hewa utando huo huvunjika, hivyo chuma kikaliwa kutoka ndani huku nje kikiendelea kung'aa. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi ya gharama yote. Mzee mmoja aliyewahi kuwa nahodha wa jahazi alikuja kuutazama waya ule, akaniuliza nitajuaje kuwa zile saba zilizobaki ni nzima, kwa kuwa kamba za jahazi huonekana zinapochakaa na mtu huzishika kila anapobisha, yaani anapogeuza chombo kukabili upepo, na kuzihamishia upande wa upepo. Sikuwa na jibu, na ndipo nilipoamua kubadilisha nyaya zote kwa mpigo, na kutafuta ncha zinazofunguka.

Nilichagua ncha za Sta-Lok, zinazotengenezwa Uingereza, pamoja na waya wa milimita 5 wa chuma cha daraja la 316, ambacho kina molibdenamu inayokisaidia kustahimili chumvi kuliko daraja la 304. Sababu ya kwanza ni kwamba hufungwa kwa spana mbili bila mashine yoyote, nami sikuwa na mashine ya kubana karibu. Ncha moja ina sehemu nne: kichwa, bomba la nje, kabari ndogo ya mviringo yenye mwanya ubavuni, na kikombe kidogo kinachokaa ndani ya kichwa. Unapitisha bomba kwenye waya kwanza, unazifumua nyuzi 12 za nje, unaipachika kabari juu ya zile saba za kati huku zikichomoza milimita moja na nusu hivi, kisha unazirudisha nyuzi za nje katika msokoto wake kuizunguka kabari. Ukikaza kichwa kwenye bomba, kikombe huzikunja ncha za nyuzi kuelekea ndani, na kabari huzikamata kati yake na ukuta wa bomba. Kadiri waya unavyovutwa ndivyo kabari inavyozidi kubana.

Kinachonifanya niisifu bidhaa hii kwa moyo wote ni hatua inayofuata. Baada ya kukaza mara ya kwanza unatakiwa kufungua tena na kutazama. Nyuzi zote kumi na mbili zinapaswa kuonekana zimelala kwa nafasi sawa, bila uzi wowote kupanda juu ya mwenzake na bila uzi kuzama kwenye mwanya wa kabari. Ukiridhika, unajaza gundi ya baharini ya kuzuia maji, unapaka dawa ya kushikisha hesi (mikato ya skrubu), na kukaza kwa mara ya mwisho. Katika ncha yangu ya tatu niliona uzi mmoja umeingia kwenye mwanya. Kwa nje ncha hiyo haikutofautiana hata kidogo na zile mbili za kwanza, na kama nisingeifungua ingepanda mlingotini ikiwa na kasoro. Niliikata, nikaanza upya kwa kabari mpya, na kwa kuwa nilikuwa nimeacha waya wa akiba wa kutosha kila upande, kipimo hakikuharibika.

Kuhusu vipimo, naomba msomaji asiharakishe. Tuliushusha mlingoti wakati wa tanga mbili, pepo zikiwa zimetulia, watu wanne na winchi ya mkono, na nikailaza kila waya ya zamani juu ya ubao mrefu ikiwa imevutwa kiasi, nikapigilia msumari katika kila tundu la pini. Waya mpya ulikatwa kufuata misumari hiyo, huku skrubu za kukazia zikiwa zimefunguliwa nusu ili kubaki nafasi ya kukaza na ya kulegeza. Kata kwa msumeno wa chuma au kwa diski nyembamba ya grainda baada ya kuzungusha utepe mahali pa kukatia. Mkasi mkubwa wa vyuma huponda waya ukawa bapa, na waya bapa hauingii kwenye bomba.

Yapo mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyapima kabla ya kutoa fedha. Ncha 16 zilinigharimu karibu mara mbili ya bei ya waya wenyewe, bila kuhesabu usafirishaji na ushuru wa forodha. Kabari haifai kutumiwa tena baada ya waya kutolewa, kwa hiyo asiyeagiza kabari za ziada atakwama kwa kipande kidogo kuliko vyote. Kabari ya waya wa nyuzi 19 haifai kwa waya laini wa kamba za chuma, hata kama unene ni uleule. Hesi za chuma kisichoshika kutu hukwaruzana na kung'ang'aniana zikikazwa kwa pupa, hivyo spana ziwe fupi na mkono uwe mtulivu. Mwenye fundi mzuri wa mashine jirani naye anaweza kubanisha ncha za juu, ambazo midomo yake hutazama chini na haishiki maji, akatumia Sta-Lok chini tu. Hata mimi ningefanya hivyo kama ningekuwa na fundi huyo.

Jambo moja linahusu Vega zaidi kuliko ncha. Mlingoti wake unasimama juu ya sitaha, na mzigo wote hupokelewa na boriti iliyo chini yake, ambayo katika mashua nyingi za aina hii hulegea kwa umri. Niliipima boriti kwa rula chini yake kabla ya kusimamisha mlingoti na tena baada ya kukaza, kwa sababu waya mpya uliokazwa juu ya boriti inayozama utalegea baada ya safari chache, na mwenye mashua atailaumu ncha isiyo na kosa.

Kukaza kwenyewe nilifanya bila kipimo cha kununua. Kwa waya wa nyuzi 19, kila milimita moja ya kurefuka katika urefu wa mita 2 ni sawa na asilimia 5 ya nguvu ya kukatika, bila kujali unene. Nilifunga rula ya mita 2 kwa utepe upande wa juu tu, nikakaza skrubu hadi nyaya ndefu za ubavuni zikarefuka milimita 3, yaani asilimia 15. Waya wa milimita 5 hukatika kwa takriban kilo 2,000, kwa hiyo kila mmoja unabeba kama kilo 300 mashua ikiwa imetulia gatini. Baada ya safari tatu za kubisha nje ya mlango wa hori zilihitaji nusu mzunguko tu wa skrubu.

Sasa zimepita kusi mbili. Mwezi uliopita nilifungua ncha ya chini ya ubavu wa kushoto, ileile iliyopokea nafasi ya waya uliokatika, kwa kuwa ndiyo inayopigwa zaidi na maji. Gundi ilikuwa bado laini na imeshika pande zote, nyuzi ziling'aa, na hapakuwa na alama yoyote ya kahawia isipokuwa madoa mepesi ya rangi ya chai nje ya bomba, yaliyofutika kwa kitambaa na maji yasiyo na chumvi. Nilijaza gundi mpya na kuifunga kwa dakika chache bila kuushusha mlingoti, nikiwa nimeushikilia upande huo kwa jarari (kamba ya kupandishia tanga) ya akiba.

Anayeagiza kwa mara ya kwanza aongeze kabari nne, ncha mbili nzima, na kipande cha waya kinacholingana na waya mrefu kuliko wote mashuani mwake. Vyangu vimo ndani ya debe kavu chini ya kitanda cha omo, pamoja na spana mbili.