Pakiti ya slaidi za ubora wa data: nzuri, ila angalia geji zake

Nimeitumia hii pakiti ya slaidi za PowerPoint kama miezi miwili sasa, naandika maana mwenyewe kabla ya kununua nilitafuta mtu aliyeitumia kweli sikumpata, wote wanasifia tu.

Kilichonifurahisha kwanza, kila kitu humo ni maumbo sio picha. Unabofya, unapiga Ctrl+Shift+G grupu linaachana, unachukua kipande chako unakipaka rangi unayotaka, na ukibadili rangi za thimu (mpangilio wa rangi wa faili zima) slaidi zote zinafuata zenyewe. Mimi zamani nilikuwa napachika skrinshoti za chati, ukiivuta ikue inakuwa ukungu mtupu, halafu bosi anakwambia "hapo weka asilimia ya mwezi huu" unaanza upya kabisa.

Kuna lile duara la vipande sita vya ubora wa data: usahihi, ukamilifu, uthabiti (data zisipingane), uhalali (zifuate kanuni zake), upekee (zisijirudie), na data kufika kwa wakati. Hili limenisaidia kuliko urembo wote, kwa sababu kazini watu walikuwa wanajua data ikijaa basi ni safi. Nikaweka safu ya namba za simu peke yake, ukamilifu 98% kijani kinawaka, jirani yake uhalali uko hoi, kumbe wajazaji wakikosa namba wanabandika 0000000000 ili mfumo uwapitishe. Chumba kimya. Halafu mmoja akacheka, nahisi alikuwa mmoja wao.

Sasa geji, yale matao ya kuonyesha asilimia kama mshale wa mafuta wa gari. Jamani zile geji ni mchoro tu, hazijashikana na namba yoyote! Unaandika 82% katikati, tao linabaki palepale lilipokuwa mpaka ulivute kwa mkono kwenye kile kidoti cha njano, tena kwa kukadiria macho. Mimi nilisahau, nikasimama mbele za watu na slaidi ya USAHIHI, tena usahihi wenyewe, maandishi 82% na tao limejaa karibu lote, dada mmoja wa uhasibu akauliza kwa upole, "sasa kaka tushike lipi, namba au mchoro?" Sikuwa na jibu, nikasingizia laptopu.

Tangu siku hiyo nimezifuta zote. Nachomeka chati ya donati (duara lenye tundu katikati) ya kawaida, ile yenye karatasi ya Excel ndani, namba mbili tu 82 na 18, nikigusa namba tao linasogea lenyewe, rangi natoa kwenye thimu ileile hata haijulikani kama sio ya pakiti.

Kingine kidogo, wametegemea sana kijani na nyekundu na kuna watu hawazitofautishi, so naongeza tiki au alama ya X pembeni. Fonti nazo badilisha mapema, ukifungua kwenye kompyuta isiyo nazo maneno yanamwagika nje ya viboksi.

Maumbo nawapa nyota 4 kati ya 5. Geji 1, na hiyo 1 ni kwa sababu zinafutika.