Steshenari ya karibu na soko kuu, Tabora: hapa wanauliza kabla ya kuchapa

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Tangu mwaka jana nafuatilia ndege iliyoanguka hapa kwetu Tabora tarehe 27 Februari 1920. Ilikuwa Vickers Vimy ya injini mbili, imetoka Brooklands, Uingereza, mwezi Januari, ikitafuta njia ya kufika Cape Town. Marubani walikuwa Stan Cockerell na Frank Broome. Gazeti la The Times ndilo lililodhamini safari, na mtaalamu wa wanyama, Peter Chalmers Mitchell, alikuwamo ndani. Injini ziliwasumbua njiani, safari ikakomea kwetu. Walitoka hai. Watoto wetu wanamjua Livingstone wa Kwihara, lakini hii hawajaisikia kabisa, nikaamua niwatengenezee bango.

Duka la kwanza nililokwenda waliniharibia. Nilikuwa na picha ya ukurasa wa gazeti la zamani kwenye simu, wino umefifia. Wakachapa "21 Februari" bila kuuliza, wakapiga laminesheni, hela wakachukua. Iliniuma sana. Bango la historia lenye tarehe ya uongo nitalipeleka wapi?

Ndipo nikaja hapa. Binti wa kaunta alinipa kiti, akaingiza picha kwenye kompyuta, akaikuza mpaka tarakimu moja ikajaa kioo kizima.

"Mwalimu, hebu sogea uangalie. Hii ni moja au saba?"

Tukainama wote wawili. Juu ya tarakimu kulikuwa na kamstari kembamba kanakwenda kushoto. Saba! Hakugusa kibodi mpaka nilipoitikia. Jina la Cockerell alinisomea herufi kwa herufi.

Nikamsimulia kwamba hata marubani wengine, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, waliofika Cape Town Machi 20 mwaka huohuo, waliharibu ndege mbili njiani wakamalizia na ya tatu. Akasema, "Basi nao tuwatafutie nafasi pembeni," akawachorea kisanduku chao. Hakuniongezea bei.

Umeme ulikatika na jenereta hawana, nikasubiri karibu saa nzima. Karatasi ya A3 ya rangi nililipa 3,000, laminesheni 2,000. Nendeni kabla ya saa nne asubuhi, maana baadaye wanachuo wanajaa na fomu zao.