Kipima spidi cha GPS cha 10 Hz: uzoefu wangu barabara ya Arusha–Moshi

Spidomita ya gari lako inadanganya, tena kwa ruhusa. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza isome chini ya mwendo halisi, ila inaruhusu izidishe hadi asilimia 10 na km/h 4 juu yake. Ukiwa kwenye 80 halisi, mshale unaweza kugusa 92 na kiwanda kisiwe na kosa. Kwa hiyo nilichukua kiboksi hiki cha GPS kwa shilingi 160,000. Ni cha Kichina, hakina jina.

Unacholipia ni hiyo 10 Hz, yaani kusoma mara 10 kwa sekunde. Kwa km/h 100 gari linakula mita 27.8 kila sekunde. Simu inayosoma mara moja kwa sekunde inakuwa imeziruka zote. Kiboksi kinasoma kila mita 2.8.

Kifunge juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele, mbali na tinti yenye madini maana inakula mawimbi. Umeme ni wa soketi ya laita. Subiri kishike setilaiti 8 au zaidi ndipo uondoke. Kikiwa kimelala usiku mzima inaweza kuzidi dakika moja. Memori kadi isizidi GB 32, na iformatiwe FAT32 (mpangilio wa mafaili unaochagua wakati wa kuformati), vinginevyo kinawaka vizuri tu lakini hakiandiki kitu. Saa yake ni ya Greenwich, kwa hiyo rekodi zote ziko nyuma ya saa yetu kwa masaa 3.

Kwenye tambarare ya njia panda ya KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), nikiwa na tairi 195/65R15 (upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 15), mshale ukitulia kwenye 80 kiboksi kinasoma 76. Tairi hiyo ina kipenyo cha milimita 634.5. Weka 205/65R15, kipenyo kinafika 647.5, asilimia 2 zaidi, na 76 inakaribia 78 bila mshale kusogea. Tairi iliyolika kutoka milimita 8 za kashata (meno ya tairi) hadi 1.6 inarudisha karibu asilimia 2 hiyo hiyo upande wa pili. Kwa hiyo pima ukiwa na tairi unazotembelea, upepo wake ukiwa sawasawa.

Kupima mchomoko wa 0 hadi 80 ndiko watu wanakojidanganya. Arusha iko juu ya Moshi kwa mita 500 hivi, na mteremko wa asilimia 1 tu unakupa km/h 3 na nusu za bure ndani ya sekunde 10. Pima kwenda na kurudi, kipande kile kile, jumlisha, kisha gawanya kwa mbili.

Wenye rekodi za dunia wanafanya hivyo hivyo. Novemba 2017, kwenye barabara iliyofungwa huko Nevada, gari la Koenigsegg Agera RS lilipita km/h 436 upande mmoja na 457 upande wa pili. Wastani ni 447. Tofauti ya km/h 20 na ushee, gari lile lile, siku ile ile! Ndiyo maana 490 ya Bugatti Chiron ya 2019 kule Ehra-Lessien, Ujerumani, mimi siihesabu pamoja na hizo: ilikimbia upande mmoja tu, na lilikuwa gari la majaribio. Kichekesho zaidi ni SSC Tuatara. Oktoba 2020 watengenezaji wake, SSC, walitangaza wastani wa 508; watazamaji wakachukua video, wakapima umbali kati ya alama za barabarani, wakagawa kwa sekunde, hesabu ikakataa. Januari 2021 wakarudia Florida, wakapata 455. Hesabu waliyotumia wale watazamaji ni hii hii unayoweza kukagulia kiboksi chako: nguzo mbili za kilomita na saa ya mkononi.

Kasoro zipo. Gundi ya kishikio inalegea kwa jua la mchana la Moshi. Nimeibadilisha kwa skrubu mbili. Chini ya miti mikubwa ya Usa River namba zinarukaruka, mara 62 mara 71, usiziamini. Betri ya ndani ni mapambo.

Nyota 4. Anayekihitaji zaidi ni aliyenyanyua gari kwa tairi kubwa. Kutoka 195/65R15 kwenda 215/70R15 ni asilimia 7.5, na ule uongo wa kiwanda uliokuwa unakulinda unaisha: mshale unasema 50, wewe uko 51, na tochi ya trafiki iko pale kwenye kibao cha 50.