DAP baada ya misimu 12: tathmini ya mkulima wa Trans Nzoia

Nimepanda mahindi kwa DAP, mbolea ya viwandani ya kupandia, misimu 12 mfululizo katika ekari zangu tatu huku Trans Nzoia, kwa hiyo tathmini hii inahusu hasa kile ambacho mbolea hiyo imeuachia udongo.

Sifa zake ni za kweli. Ina asilimia 18 ya naitrojeni na asilimia 46 ya fosfeti, punje zake ni kavu na hazigandi mkononi wakati wa kupanda, na miche huanza kwa nguvu. Miaka ya mwanzo nilivuna vizuri hata nikaacha kubeba samadi kutoka zizini, jambo ninalolijutia mpaka leo.

Kufikia msimu wa nane, majani ya mahindi machanga yalianza kugeuka zambarau kwenye kingo, dalili ya kukosa fosforasi, ilhali fosforasi hiyo nilikuwa nimeitia kwa mkono wangu mwenyewe. Niliporudi kwenye duka nililozoea kununulia, sikuulizwa kama nimewahi kupima udongo; niliambiwa niongeze mfuko. Nikaongeza, na zambarau ikabaki. Siku moja nikang'oa shina, nikakuta mizizi mifupi, minene, iliyodumaa nchani kama iliyogonga mwamba, na katika shimo lile hapakuwa na nyungunyungu hata mmoja.

Maabara ilinipa jibu: pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi, ilikuwa 4.8. Amonia iliyomo katika DAP hugeuzwa na bakteria kuwa naitreti, na katika kugeuzwa huko asidi hubaki udongoni. Mvua nyingi zinazoosha madini, pamoja na mabua tunayoyaondoa kila mwaka bila kurudisha kitu, huongeza tatizo. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka, ikaichoma mizizi na kuishika fosforasi, hivyo mkulima akawa analipia kirutubisho ambacho mmea wake haukifikii.

Jaribio la muda mrefu la kilimo huko Kabete, karibu na Nairobi, lililoanza mwaka 1976, limeonyesha kwamba vipande vinavyopata samadi pamoja na mbolea ya viwandani huzaa kuliko vinavyopata ya viwandani peke yake. Laiti ningalilijua hilo mapema.

Mwenye udongo wa pH inayokaribia 6, na anayerudisha samadi shambani, anunue DAP bila wasiwasi. Aliye chini ya 5.5 atangulize chokaa ya kilimo, aichanganye vizuri na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, na wakati wa kukuzia achague mbolea ya CAN, ambayo huwa na chokaa ndani yake, badala ya ile ya urea. Chokaa ni nzito na usafiri wake ni ghali, kwa hiyo mimi nimeweza ekari moja tu mpaka sasa. Humo majani ya mwaka huu ni kijani mpaka kwenye kingo, na katika zile mbili zambarau ingalipo.