Bucha la nyamapori Dodoma: nyati mzuri, ila andikeni ni mnyama gani

Kwetu ni Itigi, na baba alifanya kazi ya kufuata nyayo kwenye vitalu vya uwindaji vya Pori la Akiba Rungwa. Ndiyo maana nilipoingia kwenye bucha hili, kabla ya bei niliuliza karatasi.

Muuzaji hakununa. Akafungua faili: leseni ya biashara, mnyama ni nyati dume, kapigwa kitalu gani, tarehe gani. Moyo ukatulia. Kabla ya kanuni za 2020 kuruhusu mabucha haya, nyama ya porini ilikuwa inatufikia mjini usiku, ndani ya rambo, na ukikutwa nayo ni kesi.

Nilichukua kilo 2 za paja. Nyama nyekundu ya kuelekea weusi, mafuta karibu hakuna. Ukiiharakisha itakuwa kama kamba. Mimi niliichemsha saa mbili na nusu, moto mdogo, tangawizi, kitunguu saumu na chumvi basi. Tukala na ugali wa uwele na mlenda, watoto wakagombania supu. Wiki iliyofuata nilinunua nyama ya pofu, yule swala mkubwa, laini zaidi, hata ya kuchoma inafaa.

Safari ya tatu ndiyo iliyoniudhi. Mifuko kwenye friji imeandikwa "nyamapori" tu. Nyamapori gani? Kijana wa zamu hajui, faili analo bosi, bosi kasafiri. Niliondoka bila kununua. Kila kitalu kina mgao wake: mnyama gani, wangapi. Nyama ikishatengana na karatasi yake, ya jangili inapenya hapo hapo, na mtego wa waya hauchagui. Unanasa jike lenye mimba, unanasa twiga, ambaye nchi hii hawindwi kabisa.

Baba akisimulia miaka yake ya mwisho kazini, husimulia simba. Dume haruhusiwi kupigwa kabla ya kufika miaka 6. Basi yeye na mwindaji bingwa, yule anayeongoza wageni wanaokuja kuwinda, walikaa kwenye kificho tangu alfajiri, darubini usoni, wanatazama pua. Ya simba kijana ni ya waridi; umri ukisogea inajaa madoa meusi. Pua ya yule ilikuwa bado safi. Wakarudi kambini na mgeni wao aliyelipa fedha nyingi, bunduki haijalia. Dume mwenye watoto ukimwondoa, dume mgeni anaingia na kuwaua wale wadogo, na risasi moja imemaliza uzao mzima. Watu wamevumilia jua siku nzima kwa ajili ya pua ya simba. Kuandika "nyati" kwenye mfuko kunamshinda nani?

Nyota 4 kati ya 5. Nendeni asubuhi mwenye faili akiwepo, mwambieni awaonyeshe kabla hajapima, na risiti msiiache.