Kuchagua Gari Lililotumika kwa Jicho la Mwizi

Mnunuzi wa Dar es Salaam anapoulizia gari lililotumika, swali lake la kwanza huwa ni iwapo spea zake zinapatikana Gerezani na Kariakoo, na mwizi naye huanza na swali hilohilo. Gari zima ni gumu kulificha, lakini taa za mbele, vioo vya pembeni na swichi za madirisha hupata mteja haraka, mradi magari ya aina hiyo yamejaa barabarani.

Kwa anayeegesha nje ya geti, basi, ninaiweka Mazda Demio nafasi ya kwanza, ikifuatiwa kwa karibu na Suzuki Swift. Si kwamba milango yake ni migumu zaidi. Wenye nazo ni wachache kuliko wenye Toyota, hivyo kioo chake kinaweza kukaa mezani kwa muuza spea muda mrefu bila kuulizwa. Ubaya wake ni kwamba siku utakapogongwa taa, wewe pia utazunguka sana kuitafuta.

Nafasi ya tatu ni ya Toyota IST na Vitz, ambazo wengi wetu tutaishia kuzinunua hata hivyo. Hapa angalia imobilaiza, yaani mfumo unaoizuia injini kuwaka mpaka gari litambue chipu iliyomo ndani ya ufunguo. Kwa kawaida, ukichomoa ufunguo, taa ndogo nyekundu ya dashibodi huanza kuwaka na kuzima. Usipoiona, usilipe kabla fundi wa umeme hajakagua, kwani matoleo mengi ya bei ya chini hayakufungwa kifaa hicho. Nchini Marekani, Kia na Hyundai nyingi za kati ya mwaka 2011 na 2022 zilitoka kiwandani bila imobilaiza, na vijana wakawa wanabomoa plastiki ya usukani na kuliwasha gari kwa ncha ya waya wa USB.

Probox ninaiweka chini yake, maana nyingi nilizozikagua zilikuwa na ufunguo mtupu, usio na chipu.

Ya mwisho ni Land Cruiser, pamoja na ndugu yake Prado, kwa sababu hiyo huibwa nzima; hata Japani ilikotengenezwa imeongoza orodha ya magari yanayoibwa kwa miaka kadhaa. Asiye na geti na mlinzi aiache.

Lolote utakalochagua, kagua vioo vya pembeni kabla ya kulipa. Wengi huchora juu yake namba ya usajili na kuvipiga ribiti. Mimi nimewahi kushika kioo cha IST ambacho namba yake ilikuwa imesagwa kwa msasa, ila tarakimu ya mwisho ilikuwa bado inasomeka ukikiinamisha kwenye mwanga, nayo haikulingana na ya gari lile.