Kifurushi cha "homoni zote": uzito unapogoma kushuka, vipimo vya kulipia na vya kuacha

Maabara nyingi binafsi za mijini, Dar es Salaam na Arusha hadi Nairobi na Mombasa, siku hizi zinauza kifurushi cha vipimo vya homoni kwa watu ambao uzito umegoma kushuka. Kwa kawaida ndani yake kuna TSH, T3, T4, FSH, LH, prolaktini, estrojeni, projesteroni, testosteroni, insulini na kortisoli, na mara nyingine AMH. Unachomwa sindano moja asubuhi, majibu yanaingia kwenye simu.

Hatukipendekezi kifurushi hiki kama kilivyo. Vipimo vyenyewe ni vya kweli, ila vikikusanywa siku moja baadhi yake havisomeki, kwa sababu kila homoni ina siku yake na saa yake. Mwenye pesa ya kifurushi kizima atafaidika zaidi akilipia vipimo vinne au vitano vinavyoendana na dalili zake, iliyobaki akaitunza kwa kupima tena baada ya wiki 6 hadi 8, au miezi 3. Kipimo cha pili ndicho kinachoonyesha kama dawa na jitihada zinazaa matunda, na wengi hawakifikii kwa kuwa pesa yote iliishia kwenye cha kwanza.

Kabla ya dirisha la malipo yamalize mawili. Kama hedhi imechelewa, anza na kipimo cha mimba cha mkojo. Kisha kagua dawa unazotumia. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 huwaongezea uzito baadhi ya wanawake, na aliyeongezeka zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 6 ya mwanzo ana uwezekano mkubwa wa kuendelea kuongezeka akibaki nayo. Amitriptilini, olanzapini, valproeti, insulini na glibenklamidi nazo zinaongeza. Dolutegraviri, iliyomo kwenye kidonge cha TLD kinachotumiwa na watu wengi wanaoishi na VVU, imehusishwa na kunenepa, hasa kwa wanawake. Dawa hizi haziachwi kwa sababu ya mizani. Zungumza na daktari aliyekuandikia, na kwa TLD ni kliniki yako ya VVU (CTC kwa Tanzania, CCC kwa Kenya).

Kati ya vyote vilivyomo, TSH, homoni inayoiamuru tezi ya shingoni kufanya kazi, ndiyo yenye thamani kubwa. Haihitaji kufunga wala kusubiri siku fulani ya mzunguko. Kwa watu wazima wengi kiwango cha kawaida ni takribani 0.4 hadi 4.0 mIU/L, na jibu likiwa humo kwa kawaida T3 na T4, homoni za tezi yenyewe, hazina la kuongeza. TSH ikipanda ndipo unalipia T4 huru. Sisitiza neno "huru", kwa sababu T4 ya jumla hupandishwa na ujauzito na vidonge vya majira vyenye estrojeni hata kama tezi ya shingoni haina tatizo. Kuna mtego mwingine ambao mapokezi hawautaji: biotini, ile ya vidonge vya kukuza nywele na kucha. Kwenye baadhi ya mashine hushusha TSH kwa uongo na kuipandisha T4 huru, hata mgonjwa wa tezi iliyolegea, yaani inayotoa homoni kidogo mno, akaonekana mzima. Iache angalau siku 2 kabla ya kutoa damu, na kama dozi yake ni kubwa, zaidi ya hapo.

Matarajio nayo yawekwe sawa. Tezi iliyolegea kwa kawaida huongeza kilo 2 hadi 5, na sehemu kubwa ni chumvi na maji. Mwenye kilo 25 za ziada na TSH ya 5.5 asitegemee levothiroksini, dawa ya tezi iliyolegea, iziondoe. Anayeihitaji kweli aimeze kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai au kahawa. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu vikae mbali nayo saa 4, na mjamzito au aliyetoka kujifungua alizingatie hili zaidi, maana vidonge vya damu anavyopewa kliniki vinazuia dawa kuingia mwilini. TSH hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Ukiirudia baada ya wiki 2 utapata namba isiyotulia na dozi itabadilishwa bila sababu.

Kwa wanawake wa umri wa kuzaa, sababu ya kuuliza kwa makini zaidi ni PCOS, hali ya homoni inayovuruga hedhi na upevukaji wa mayai. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya mwanamke 1 kati ya 10 wa umri huo anayo, na wengi hawajui. Hakuna kipimo kimoja kinachoitaja. Kwa mtu mzima unahitaji mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio (mzunguko chini ya siku 21 au zaidi ya 35, au hedhi chini ya 8 kwa mwaka), dalili au kipimo cha homoni za kiume zilizozidi, kama ndevu kidevuni, na ovari zenye vifuko vingi kwenye altrasaundi. Tangu mwongozo wa kimataifa wa 2023, AMH, homoni inayotoka kwenye vifuko vya mayai, inaweza kushika nafasi ya altrasaundi kwa watu wazima. Soma hapo vizuri. Mwenye mawili ya kwanza hana haja ya altrasaundi wala AMH, na AMH ni miongoni mwa vipimo ghali vya kifurushi. Kwa msichana ambaye hajatimiza miaka 8 tangu avunje ungo, vyote viwili havifai kabisa, kwa sababu ovari za umri huo kwa kawaida huwa na vifuko vingi.

Cha kulipia hapa ni testosteroni ya jumla na SHBG (protini inayoibeba kwenye damu), ili testosteroni huru ikokotolewe, pamoja na TSH na prolaktini (homoni ya maziwa) za kuondoa magonjwa yanayofanana na PCOS. Damu itolewe asubuhi, siku ya 2 hadi ya 5 ya hedhi. Siku ya 1 ni ile damu inapotoka kwa kawaida yake. Matone ya kuamkia hayahesabiwi. Anayetumia vidonge vya majira atapata testosteroni ya chini kwa sababu ya vidonge. Inabidi viachwe miezi 3 huku akitumia kinga nyingine. Uwiano wa LH na FSH, homoni za ubongoni zinazoongoza ovari, hauhesabiki tena kwenye vigezo, ingawa FSH ina kazi kwa mtu ambaye hedhi imekatika mapema. Projesteroni isomwe takribani siku 7 kabla ya hedhi inayofuata: siku ya 21 kwa mzunguko wa siku 28, ya 28 kwa mzunguko wa siku 35. Kuipima siku ya 3 pamoja na nyingine, kama kifurushi kinavyofanya, ni sawa na kupima mvua za masika mwezi Agosti. "Estrojeni iliyotawala", inayouzwa pamoja na chai na vidonge vya kuisafisha, si ugonjwa unaotambuliwa, na hakuna kipimo kinachouthibitisha.

Insulini ya kufunga huvutia macho, lakini mwongozo huohuo wa 2023 hauipendekezi kwa matibabu ya kawaida: vipimo vyake havilingani maabara kwa maabara, na mpaka wa "imezidi" haujakubaliwa. Omba kipimo cha kunywa glukosi gramu 75. Unakuja hujala kwa muda wa saa 8 hadi 10, maji tu, unatolewa damu, unakunywa glukosi ndani ya dakika 5, unakaa bila kutembeatembea, kisha damu tena baada ya saa 2. Jibu la pili likiwa 7.8 hadi 11.0 mmol/L, sukari imeanza kuharibika, 11.1 na kuendelea ni kisukari. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi michache, haihitaji kufunga, lakini kwetu inadanganya mara nyingi, kwa sababu selimundu huivuruga, hata kwa aliyerithi upande mmoja tu kwenye baadhi ya mashine, na upungufu wa madini ya chuma unaweza kuipandisha. Ipo pia dalili isiyo na bei: ngozi nyeusi, nene na laini kuguswa, nyuma ya shingo na kwapani. Watu huisugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu. Mara nyingi ni mwili uliozoea insulini nyingi, na hulainika insulini ikishuka.

Kortisoli ya asubuhi ndiyo tunayoipinga waziwazi. Kwa kila mtu homoni hii hupanda alfajiri na kushuka usiku, kwa hiyo namba moja ya saa 2 asubuhi haithibitishi ugonjwa wa Cushing, yaani kortisoli kuzidi mwilini, wala kuuondoa. Anayeshukiwa kweli ana michirizi ya zambarau yenye upana wa zaidi ya sentimita 1, anavilia damu kwa kuguswa tu, anashindwa kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu. Huyo hupewa deksamethasoni miligramu 1 kati ya saa 5 na 6 usiku, na kortisoli hupimwa saa 2 hadi 3 asubuhi. Kwa asiye na Cushing, dawa hiyo huishusha kortisoli chini ya 50 nmol/L.

Kwetu Cushing nyingi hutoka nje ya mwili, kwenye dawa zinazofanya kazi kama kortisoli: mkorogo wa kung'arisha ngozi wenye klobetasoli, vidonge vya kunenepesha vyenye deksamethasoni, prednisoloni ya kununua dukani kwa maumivu ya viungo. Mtumiaji ana uso wa mviringo na tumbo, lakini kortisoli yake inatoka chini, kwa sababu tezi za juu ya figo zinazoitengeneza zimelazwa na dawa. Kifurushi kikisema "kortisoli haijazidi", anaambiwa yuko salama. Hayuko salama, na akiacha ghafla anaweza kuzimia kwa shinikizo la damu kushuka. Dawa hizi hupunguzwa hatua kwa hatua, chini ya daktari. Mwambie ukweli kuhusu mkorogo hata kama hajauliza.

Majibu yakitoka ndipo kazi ndefu inaanza, na hapa watu wengi wanakata tamaa mapema mno. Kwenye PCOS, kushuka asilimia 5 hadi 10 tu kunaweza kurudisha hedhi: kwa mwenye kilo 90 ni kilo 4.5 hadi 9. Metformini, dawa inayosaidia mwili kuitikia insulini, huanza na miligramu 500 pamoja na chakula kikuu, ikipanda miligramu 500 kila wiki 1 au 2. Akianzishiwa dozi kubwa mtu huharisha, huiacha wiki ya kwanza na kusema haimfai. Uzito inaoushusha ni mdogo. Yai linaweza kuanza kupevuka kabla hedhi haijakaa sawa, kwa hiyo asiyetaka mimba aweke kinga tangu mwanzo. Mwongozo haukupata aina moja ya mlo inayoshinda nyingine, na kuacha ugali kabisa si sharti. Kinachohitajika ni upungufu wa chakula unaoweza kuishi nao miezi 6. Mazoezi ya kupunguza uzito ni angalau dakika 250 za kutembea kwa kasi kwa wiki, takribani dakika 36 kwa siku, pamoja na kazi ya misuli siku 2 zisizofuatana.

Mizani ipande asubuhi baada ya choo, kisha tumia wastani wa wiki. Linganisha wiki hiyohiyo ya mzunguko na ya mwezi uliopita, kwa sababu maji ya kabla ya hedhi yanaweza kuficha kilo nzima uliyokwisha kuipoteza. Kiuno kipimwe kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukimaliza kutoa pumzi. Mizani ikisimama wiki 4 huku kiuno kinapungua, usibadilishe kitu.

Tukirudi kwenye huduma yenyewe, maabara nzuri utaitambua kabla ya sindano. Damu ya sukari iingie kwenye kichupa cha kifuniko cha kijivu, au itenganishwe mara moja. Kwenye kichupa cha kawaida kilichoachwa mezani chembe za damu zinaendelea kula sukari, na jibu hushuka takribani asilimia 5 hadi 7 kwa saa. Kwa prolaktini unapaswa kupumzishwa kwanza, na kuulizwa kama umetumia metoklopramidi au domperidoni za kichefuchefu, kwani zote huipandisha. Vizio viandikwe: prolaktini 400 inatisha mtu aliyesoma kwamba mwisho ni 25, kumbe 400 mIU/L ni kama 19 ng/mL na haina tatizo. Rudio lifanyike maabara ileile, maana mashine hazilingani. Na fomu iwe na nafasi ya tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Wakikuchoma kwa ajili ya homoni za uzazi bila kuuliza tarehe hiyo, dai urudishiwe pesa.